Kisasi cha Bi Swichi

Tusimsingizie wema Bi Swichi. Alikuwa mwalimu mzuri, mke mcheshi, na jirani ambaye ukimwomba ngazi anakuja nayo mwenyewe na kukushikilia, lakini kusamehe hakukuwa fani yake. Watu wengine hasira huwapanda kichwani, wakafoka, kesho yake wakasahau walikuwa wanafoka nini. Yake ilikaa chini kimya kimya, ikazidi kukolea mwaka hadi mwaka. Na ilimlenga mtu mmoja tu. Wengine wote duniani aliwapenda.

Mtu huyo alikuwa Profesa. Maprofesa wapo wengi, ila nyumbani kwa Bi Swichi neno hilo lilikuwa na mwenyewe, na hata mumewe alijua kwamba likitajwa mezani chakula kitapoa. Ndiye aliyemsimamia zamani alipokuwa akisomea shahada ya udaktari katika fizikia, na kazi yao ilikuwa ya kuiga ulimwengu mzima ndani ya kompyuta.

Kazi yenyewe ukielezwa haitishi. Unachukua sanduku la kufikirika, kubwa kiasi cha kumeza mamilioni ya galaksi. Unalijaza chembe, kila chembe ikisimama badala ya rundo zima la nyota, halafu unauachia mvutano ufanye mambo yake. Chembe zinavutana, zinakusanyika, zinafanya mafundo na nyuzi, na mwishowe kioo kinakuonyesha kitu kinachofanana na anga halisi. Swali ni mvutano upi. Kuna wa Newton, ambaye kwake kila kitu kinavuta kila kitu papo hapo, na saa ni moja kwa ulimwengu wote. Na kuna wa Einstein, ambaye kwake maada inapinda nafasi na wakati wenyewe, habari za mvutano haziendi mbio kuliko mwanga, na saa iliyo karibu na kitu kizito huenda polepole kuliko iliyo mbali nacho. Hesabu za Newton zinabebeka. Za Einstein zinaweza kuipigisha kompyuta magoti. Kwa hiyo karibu mafundi wote wa kazi hii humwachia Einstein aamue jinsi sanduku linavyotanuka, ya ndani wakampa Newton, huku wakijiuliza kimoyomoyo kama hawajidanganyi.

Bi Swichi, wakati huo akiwa hajapewa jina hilo, ndiye aliyeandika programu ya kuwaweka wawili hao kando kwa kando. Aliiandika, akaifuta, akaiandika upya. Aliikosa harusi ya dada yake kwa ajili yake, na dada mtu alinuna mpaka alipojifungua. Mwishowe jibu likaja, na lilikuwa jibu zuri lisilo na makelele: katika masafa ya kawaida ya galaksi na makundi yake, Newton na Einstein wanakubaliana kiasi kwamba tofauti yao haimkoseshi mtu usingizi. Mafundi wa dunia nzima wakashusha pumzi. Profesa akapewa nishani na kitengo chake mwenyewe.

Siku ya sherehe alisimama na glasi ya juisi mkononi. Akamshukuru mkewe, akamshukuru mkuu wa chuo, akatania kidogo kuhusu Newton na tufaha. Kisha akasema, "Na yupo dada mmoja hapa, yule pale nyuma, aliyekuwa akituwashia swichi ya mashine. Dada, hebu inuka watu wakuone."

Watu wakacheka, kicheko kizuri cha sherehe, hakikuwa na sumu. Na yeye akainuka. Akatabasamu. Hilo ndilo lililomchoma kuliko lile neno lenyewe, kwamba alipoambiwa ainuke aliinuka, akasimama pale na meno nje kama mtu aliyepewa zawadi. Na kwenye makala yenyewe ya kazi ile, jina lake lilikuwa mwishoni kabisa kwenye shukrani, jirani na la fundi wa umeme. Alipoomba barua ya kumtafutia kazi, Profesa alimwandikia barua ndefu ya sifa, na sifa yenyewe ilikuwa kwamba hachelewi kazini.

Basi akaishia kwenye chuo kidogo upande wa pili wa jiji, kufundisha fizikia mwaka wa kwanza, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa inahifadhi viti vibovu. Jina likamfuata. Nani alilileta hakujulikana, lakini wanafunzi walilipokea kwa mapenzi, wakidhani ameitwa hivyo kwa sababu ya tabia yake ya kuzima taa za darasa akitoka. Aliwaacha waamini hivyo. Akaolewa na fundi wa viyoyozi aliyekuja kutengeneza chumba cha kompyuta, mwanamume mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye siku ya kwanza alimwuliza mashine zile zinafanya nini, na alipojibiwa akaketi juu ya boksi lake la vifaa akasikiliza mpaka mwisho. Wakapata watoto. Maisha yakawa maisha. Kila alipomsikia Profesa redioni alipunguza sauti, akaendelea kumenya viazi kwa nguvu isiyohitajika.

Siku moja ikamfikia barua pepe ya mhariri wa jarida.

Hapa inabidi kueleza desturi ya watu hawa. Makala ya kisayansi haichapishwi hivi hivi. Mhariri huituma kwanza kwa mtu wa fani ile ile aipekue, naye huitwa mhakiki. Mhakiki anajua anamsoma nani; anayesomwa hajui anasomwa na nani, na mhariri hamtaji abadani. Ni kazi isiyo na malipo wala jina, inayokwenda kwa uaminifu mtupu. Ukiona kosa unasema, mwandishi analirekebisha, dunia inapata makala safi. Na kama una ugomvi na mwandishi unatakiwa kuikataa kazi, hata swali hilo huulizwa mapema.

Makala ilikuwa ya Profesa. Bi Swichi aliulizwa kama ana ugomvi na waandishi, akajibu hana.

Aliisoma ofisini kwake asubuhi ile, mlango kaufunga, huku mumewe akiwa chumba cha pili na vijana wake wakibomoa kiyoyozi kilichokuwa kinadondosha maji. Kulikuwa na majina mawili juu. La kwanza lilikuwa la mwanafunzi fulani, na jicho la Bi Swichi lililiruka likatua kwenye la pili, likakaa hapo. Kichwa cha makala kilijigamba. Kilidai kwamba katika masafa marefu kuliko yote, yale ambayo mwanga wenyewe umepata shida kuyavuka tangu ulimwengu uanze, Newton anakosea vibaya, na kwamba miigo yote iliyotengenezwa kwa mvutano wake inafaa kutupwa. Picha ya kwanza ilikuwa na mistari miwili, mmoja wa Newton, mmoja wa Einstein. Ilianza pamoja, kisha ikaachana, pengo likawa kubwa kama mdomo wa mamba.

Aliitazama ile picha kwa muda. Halafu akaona.

Kwa Newton, ukisema "sasa", ni sasa ya wote. Kwa Einstein hakuna sasa ya wote. Fundi mwenyewe lazima achague jinsi ya kuukata wakati, yaani saa zipi zihesabiwe kuwa zinasoma sawa. Anaweza kuchagua saa zinazosafiri na maada, kila rundo na saa yake mfukoni. Anaweza kuchagua saa zilizopigiliwa kwenye wavu wa hesabu, yaani vijumba ambavyo kompyuta huligawa sanduku, maada ikizipita. Zote ni halali. Ila ukihesabu msongamano wa maada kwa saa hizi na kwa zile, katika masafa hayo marefu kabisa utapata namba mbili tofauti, na ulimwengu wenyewe haujatikisika hata kidogo. Sasa namba za Newton, wenye kazi wanajua, zinaendana na zile za saa za mfukoni. Makala ile ilikuwa imechukua msongamano wa Newton, ikauweka kando ya wa Einstein uliosomwa kwa saa za kwenye wavu, ikaona pengo, ikapiga ukelele. Ni kama kumpima pacha mmoja leo na mwenzake baada ya miezi kadhaa, kisha ukatangaza kwamba mmoja kamzidi mwenziwe kimo.

Ni kosa ambalo mtu wa nje hawezi kulifanya, maana hata hajui kwamba saa zinachaguliwa. Linafanywa na mtu wa ndani mwenye haraka. Bi Swichi aliegemea kiti, akacheka peke yake mpaka mumewe akachungulia mlangoni, bisibisi mkononi, akauliza kuna nini.

Akamweleza. Mumewe alishazisikia habari za saa na wavu kiasi cha kuelewa.

"Sasa si umwambie tu?" mumewe akasema.

"Nikimwambia atalirekebisha."

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri kwa nani?"

Mumewe akamtazama. Akasema kwamba yeye akiona waya umechubuka kwa mteja anamwambia, hata kama mteja ni mshenzi, kwa sababu hajui nani ataushika. Bi Swichi akamjibu kwamba waya huu utashikwa na mtu mmoja, na anamjua. Fundi akarudi kwenye kiyoyozi chake. Hawakuzungumza tena mpaka chakula cha mchana, na hata hapo walizungumza habari za ada za shule.

Alichokifanya Bi Swichi mchana ule alikifanya akiwa na akili zake timamu. Angeandika kurasa za maelezo, Profesa angerekebisha, angemshukuru "mhakiki asiyejulikana" kwa mstari mmoja na kuendelea na safari yake ya utukufu. Kwa mara nyingine Bi Swichi angekuwa amewasha swichi. Akaona hapana, safari hii aache mtu apande mpaka juu kabisa, ngazi ishikiliwe vizuri, halafu iondolewe watu wakiwa wanatazama. Akaandika sentensi mbili. Kwamba kazi ni safi na hesabu zimefanywa kwa uangalifu, na kwamba anapendekeza ichapishwe kama ilivyo. Akaituma, akaenda kufundisha kipindi cha mwendo wa duara, na wanafunzi wakasema baadaye kwamba hawajawahi kumwona amechangamka vile.

Makala ikatoka, na mambo yakawa moto. Redio zikasema Newton kafukuzwa ulimwenguni. Profesa akahojiwa huku na kule, sauti yake ikiwa imepakwa siagi, akieleza jinsi alivyokuwa akishuku jambo hili tangu ujana wake. Bi Swichi hakupunguza tena sauti ya redio. Aliiongeza. Wifi yake alipokuja kumtembelea na kusema huyu mtu anajua kweli, Bi Swichi akamkubalia, akamwongezea chai. Kila sifa aliyosikia aliipokea kama mtu anayenenepesha ng'ombe wa kuchinjwa. Alipokutana na mwenzake mmoja wa zamani aliyemwuliza anaionaje, alisema ni kazi ya kihistoria, na akaitamka "kihistoria" polepole ili aufaidi utamu wake.

Katikati ya hayo alifanya hesabu zake. Alirudia mwigo wa Profesa kipande kwa kipande, ila saa akazilinganisha. Mistari miwili ikalaliana mwanzo mpaka mwisho, ukiangalia unadhani ni mmoja. Mkutano mkuu wa wanasayansi wa ulimwengu ulipotangazwa, kwenye chuo cha Profesa mwenyewe, aliomba nafasi fupi ya kuzungumza mara baada yake. Waandaaji wakampa bila wasiwasi, maana nani angemwogopa mwalimu wa mwaka wa kwanza. Akashona suti mpya ya rangi ya bluu iliyokolea. Fundi cherehani alimwuliza ni ya harusi au msiba, akasema vyote viwili.

Ukumbi ulijaa siku ile. Ulikuwa ukumbi ule ule wa sherehe ya zamani, ila sasa una mazulia na vipaza sauti visivyokoroma. Profesa alizungumza kama anavyozungumza mtu asiyekatizwa: mikono nyuma, akitembea, akisimama palipo na mwanga. Alipomaliza walimpigia makofi ya kusimama. Bi Swichi naye alisimama akapiga, na alipiga kwa moyo wote.

Kisha akaitwa yeye.

Hakupoteza muda. Alianza kwa swali, akamwelekea Profesa aliyekuwa ameketi mstari wa mbele amekunja nne. "Profesa, upande wa Einstein ulisoma msongamano kwa saa zipi?"

Profesa akasema, kwa upole wa mtu anayemjibu mtoto, kwamba ni zile za kwenye wavu, kama kawaida.

"Na upande wa Newton?"

Hapo ndipo Bi Swichi alipopata malipo yake ya miaka yote. Aliiona ile sura. Aliona mdomo ukifunguka kujibu, jibu likakosekana, mdomo ukabaki wazi. Mguu uliokunjwa ukashuka chini. Jasho likatoka mahali ambapo kiyoyozi kilikuwa kinampuliza moja kwa moja. Bi Swichi hakumsaidia. Alionyesha picha yake ya mistari iliyolaliana. Akaeleza kwa maneno machache kwamba saa zikiwa zile zile pengo halipo, na kwamba kilichopimwa kwenye makala ni tofauti ya saa na saa, Newton wa watu hana hatia. Minong'ono ikaanza nyuma ikasogea mbele. Mwenyekiti wa kikao, mtu mzima mwenye heshima zake, akavua miwani, akaitazama picha, akasema taratibu kwamba naam, hivyo ndivyo ilivyo, na anashangaa yeye mwenyewe hakuliona.

Ingeishia hapo, Bi Swichi angekufa siku yoyote na roho nyeupe.

Lakini Profesa hakuwa Profesa bure. Aliinuka. Uso ulikuwa umeshakauka. Akamshukuru Bi Swichi kwa jicho lake kali, akimwita Dokta, akasema sayansi ndivyo inavyosonga, kwa kusahihishana. Kisha akageuka, akatafuta kwa macho mistari ya nyuma.

"Hesabu hizo, kama mnavyoona kwenye makala, mwandishi wa kwanza ni mwanafunzi wangu," akasema. "Mimi nilimwamini. Binti, hebu inuka utueleze ulikuwa unafikiria nini."

Akainuka msichana mwembamba mwenye sweta la kijivu. Bi Swichi hakuwahi kumwona. Msichana alishika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili, akaanza kusema kwamba alidhani, akaacha, akaanza tena. Sauti ilikuwa ndogo, mtu mmoja akamwambia aongeze. Mwishowe akasema kwamba Dokta yuko sahihi, saa hazikulinganishwa, na kwamba anaomba radhi. Watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Profesa akatikisa kichwa kwa huzuni ya mzazi, akasema vijana wana haraka, atahakikisha jambo hili halirudiwi, na makala itaondolewa jaridani. Akaongeza kijineno cha kuchekesha, ukumbi ukacheka kwa kushukuru kwamba kimya kimeisha. Msichana alikuwa bado amesimama. Hakuna aliyemwambia aketi.

Wakati wa chakula cha mchana Profesa alimfuata Bi Swichi, sahani mkononi, kaipanga vizuri mpaka juu. "Umenitoa jasho, Bi Swichi," akamwambia akicheka, akamgusa bega. Akasema amefurahi kwamba bado yumo kwenye fani, na kwamba siku zote alisema ana jicho la vitu vidogo vidogo. Kisha mtu akamwita, akaenda, na kwa mbali akaonekana akieleza jambo kwa mikono, watu wamemzunguka, wanacheka. Hakuwa amepungukiwa hata kijiko.

Bi Swichi aliweka chakula chake chini bila kukigusa. Hasira iliyompanda ilikuwa mpya kabisa, ile ya zamani ilikuwa mtoto mbele yake. Miaka yote ameshika panga, amepiga, na aliyepigwa amepangusa mdomo akaenda kuchukua matunda. Alitoka nje ya ukumbi akasimama juu ya ngazi, anapumua kwa pua, anawaza namna ya kurudi na kummaliza. Labda kwa barua kwenye jarida. Labda kwa redio, amwendee huko huko alikojigambia.

"Dokta, samahani."

Alikuwa yule msichana. Alikuwa amebeba begi lake mgongoni na boksi dogo la karatasi lenye kikombe, kitabu na viatu vya kubadilisha, na macho yalikuwa yamevimba, lakini alisimama wima. Alisema hakuja kulalamika. Alikuja kushukuru, kwa sababu alitaka kuelewa kosa lake na Dokta alilieleza vizuri, bila kumtukana mtu. Akasema Profesa ameshamwambia asije tena maabara kuanzia kesho, na kwamba bila maabara hiyo ufadhili wake unakatika, na hajui atawaambia nini nyumbani. Nyumbani walimsikia Profesa redioni, wakawaita majirani.

Bi Swichi akamwuliza kwa nini hakuzilinganisha saa.

"Nilimwuliza kuhusu saa," msichana akasema. "Mwanzoni kabisa. Nikamwambia sina uhakika kama zinalingana. Akaniambia peleka, kama kuna kosa mhakiki ataliona, ndiyo kazi yake. Basi nikapeleka, nikawa namsubiri huyo mhakiki. Nilikuwa namwomba Mungu awe mkali. Jibu likaja sentensi mbili tu, kwamba hesabu ni za uangalifu. Nikasema, basi, mtu anayejua ameangalia, mimi ndiye mwoga." Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Laiti tungempata mtu kama wewe, Dokta, haya yote yasingetokea."

Kisha akauliza alichokuwa amekuja kukiuliza, kama kwenye chuo cha Dokta kuna nafasi, hata isiyo na ufadhili, ya mtu wa kujifunza kwake.

Hakuna mtu ambaye angejua. Mhariri amefungwa mdomo na desturi, na mumewe hakuwa mtu wa kusema. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, njoo, na kumchukua, na kumlea, na kuwa mwema kwake maisha yote. Bi Swichi alilifikiria hilo, na lilimvutia, na akalikataa.

"Nilikuwa mimi," akasema.

Msichana akatabasamu kwa adabu, kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Mhakiki. Zile sentensi mbili niliandika mimi."

Tabasamu likabaki kidogo, halijui liende wapi. "Kwa hiyo wewe pia hukuliona."

"Nililiona siku ile ile."

Ndani ya ukumbi walikuwa wanagonga kijiko kwenye glasi kuwaita watu warudi. Msichana alikuwa mwepesi wa hesabu, na hesabu hii ilimchukua muda mfupi tu. Ilionekana usoni ikienda mpaka mwisho. Hakupaza sauti.

"Mimi nilikufanyia nini, Dokta?"

Bi Swichi alikuwa na majibu mengi. Alikuwa ameyatunza miaka yote, ameyanoa bafuni na jikoni na njiani, na yote yalikuwa ya Profesa. Alitafuta moja la kumpa huyu.

"Hukunifanyia kitu," akasema. "Jina lako hata sikulisoma."

Msichana aliliweka boksi vizuri kifuani, akashuka ngazi bila kuaga. Bi Swichi akabaki ameshika chuma cha ngazi, na kutoka ukumbini akamsikia Profesa akicheka, kicheko kizuri tu, cha mtu aliyeshiba.